Mukono mu Giza

— Inama, Mujinga! Inama kichwa!

Hénock akaweka kiganja juu ya casque yangu, ile kofia ngumu ya mugodi, akanishusha polepole. Tulikuwa chini ya udongo, mu mugodi ya zamani ya makaa, nje kidogo ya Liège. Guide alikuwa amezima taa zote, ili bageni baonje giza ya bale bafanyakazi ba zamani. Sikuona hata kidole yangu.

Taa zikawaka. Mbele ya uso yangu kulikuwa mbao nene, nyeusi.

— Attention à la poutre!

Njo sasa guide anasema tuchunge mbao.

Nikamwangalia Hénock. Asubuhi, mu train toka Bruxelles, aliniapia hajafika huku hata siku moja. Kule Liège, pembeni ya mto, aliuliza mama mumoja bus iko wapi, kisha akashika njia ya bus, mama hata hajajibu. Pale nilicheka.

— Ulijua aje kama mbao iko hapa?

— Bon, mi ni mutoto ya Kolwezi. Mugodi iko mu damu.

— Papa yako alikuwa anauza mikate.

Akacheka peke yake.

Tulipopanda juu tukakaa nje na kahawa. Siku ya samedi wazee wake walikuwa waje Matonge, kule Bruxelles, kwa tonton yangu Ghislain, kuleta mahari yangu. Maman yangu, Antoinette, alikuwa amekwisha kuagiza pondu, majani ya muhogo ya kupikia bageni.

— Ulikuja hapa na nani?

— Chérie…

— Sipigi kelele. Nauliza tu.

Akazungusha kikombe.

— Yolande. Mwezi uliopita.

— Ule wa coiffure, anasuka nywele pale Porte de Namur?

— Njo ye. Alitaka nimupeleke fasi ya kutembea. Nikaona hapa ni pazuri, alors nikasema na we uone.

Hapo hakuwa anadanganya. Alitaka kweli nione.

— Ye pia ulimushika kichwa?

Akaweka kikombe chini.

— Hénock.

— Hapana. Ye aligonga. Aligonga mubaya, hata guide aliogopa. Njo pale nilijua mbao iko.

Nikagusa paji yangu ya uso. Nzima kabisa.

— Donc kichwa ya Yolande njo iliokoa yangu.

— Usiongee hivyo. Ilikwisha, nakuapia!

— Uliapa na mu train.

Nilingoja machozi, hayakuja. Upepo ulikuwa unavuma na sikusikia baridi. Kahawa nilikunywa, lakini kama haikuwa na sukari sikujua.

Mu train ya kurudi alikaa mbele yangu. Viwanda vilivyofungwa vikapita kwa dirisha. Nikatoa simu.

— Unaandikia nani?

— Maman. Nasema asipike.

Akafungua mukono yake juu ya magoti, kiganja juu, kama muntu anaomba. Ni mukono ule ule ulinishusha kichwa mu giza. Nikauangalia muda, kisha nikaandika:

“Maman, acha pondu ya samedi. Bageni habakuji tena.”

Jibu likaingia hapo hapo:

“Yesu! Nani amekufa?”

“Hakuna, maman. Bote tuko bazima.”