Aliyekosa Mwenyewe

Siku ile Wavinya alishika njia ya mtoni akiwa amejaa majivuno. Zamani, kabla wafu hawajaanza kurudi, msichana wa huku Matiliku alihesabiwa mkubwa akishamaliza shule. Sasa shule zilikuwa zimefungwa, na ukubwa ulikuwa kitu kimoja tu, kukubaliwa kwenye mwethya wa maji. Mwethya ni kazi ya pamoja, ile ile iliyochimba matuta ya mashamba yetu tangu enzi za nyanya zetu. Siku hizi hakuna aliyekuwa na hamu ya matuta. Watu waliteremka mtoni kwa kundi, wakachimba mchanga, wakateka, wakarudi wote. Wakijaliwa.

Walitoka alasiri, lakini ukame ulikuwa mkali na kisima cha mchangani kilitoa maji kwa shingo upande. Mtungi wa mwisho ulipojaa, jua lilikuwa limezama, saa ambayo wafu huanza kutembea.

Hao wafu walikuwa na majina mengi. Redioni waliitwa wagonjwa. Wazee waliwaita aimu, mizimu ya jamaa, mpaka pasta akalipiga marufuku neno hilo. Sisi wengine tuliwaita waliorudi, basi. Wengi walikuwa watu waliofia mbali wakazikwa huko huko, na kila Mkamba anajua mtu huzikwa kwao. Walikuwa wanakuja nyumbani kwa miguu. Panga la mtu baki halikuwafanya kitu. Lakini aliyerudi akiitwa na mtu wa damu yake, kwa jina alilomwita akiwa hai, alilala chini akafukiwa, yakaisha. Kwa hiyo kila kundi lilikuwa na mzee wa kuuliza, "Wa nani huyu?" Na mwenyewe akajibu, "Wangu." Ilikuwa aibu, kwa sababu kila mtu alijua sasa kwamba hukumleta mtu wako nyumbani. Lakini aibu hiyo watu walikuwa wameizoea.

Wavinya hakuwa ameizoea. Baba yake, Kitheka, alikuwa mlevi wa kutajwa. Jumapili moja aliingia kanisani Wavinya akiwa mbele anaimba na kwaya, akasimama katikati ya viti, suruali ameishika kiunoni kwa mkono mmoja, akamwita binti yake kwa sauti kubwa, kisha akajikojolea. Watoto walicheka. Wavinya alifunga macho akamwomba Mungu amchukue mtu huyu asirudi tena. Haukupita muda mrefu, Kitheka akaenda Kibwezi kutafuta kibarua, na habari za kifo chake zikafika baadaye kwa simu ya mtu. Mama yake Wavinya, Ndinda, ambaye ni kiongozi wa akina mama kanisani, hakuagiza mwili. Aliwaambia majirani, "Baba Wavinya yuko Kibwezi, anamwagilia watu nyanya." Na Wavinya aliitikia uongo ule kwa moyo mweupe. Alishukuru, hasa.

"Harakisheni," alinong'ona Mutisya, mzee wa kundi. Wote walimwita Umau, yaani babu, ingawa hakuwa babu wa yeyote pale. Watoto wake walikuwa Nairobi, na barabara ilikuwa imefungwa Sultan Hamud, hakuna kuingia wala kutoka. Ndiye aliyempigania Wavinya akubaliwe. Mama yake alikuwa amekataa kabisa, na Wavinya alidhani anamwonea tu.

Kanyiva, jirani yao, aliinua kichwa. "Umau... unasikia?"

Mchanga ulikuwa unakwaruzwa. Hatua, kisha mburuto. Hatua, kisha mburuto. Upepo ukaleta harufu ya udongo mbichi, na chini yake harufu ya pombe iliyochacha.

Wavinya alirudi nyuma hatua moja.

Umau aliwasha tochi akaielekeza miguuni, maana hakuna anayemulika uso wa aliyerudi. Miguu ilikuwa imepasuka kwa mwendo mrefu. Mwanga ukapanda kidogo, mpaka magotini, mpaka kiunoni.

Mkono mmoja ulikuwa umeishika suruali.

"Wa nani huyu?" aliuliza Umau.

Watu walishika mitungi yao.

"Watu wangu, wa nani huyu? Asituchoshe."

"Si wetu," alisema Kanyiva. Wengine nao wakajibu mmoja mmoja, si wetu, si wetu. Zamu ikafika kwa Wavinya. Alifikiria kwaya. Alifikiria mama yake mbele ya wale akina mama, na uongo wa nyanya ukipita kinywa kwa kinywa mpaka sokoni. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, fupi kabisa.

"Mwiitu?" Umau alimgeukia binti huyo. "Unamjua?"

"Hapana, Umau. Simjui."

Yule aliyerudi alisimama. Alikuwa amesikia. Kichwa kiliinama, taratibu, namna alivyokuwa akiinama asubuhi baada ya ulevi. Kwa kitambo kidogo Wavinya aliona aibu ya baba yake, na yake mwenyewe ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Kisha Kitheka akaanza kutembea tena, haraka sasa.

"Nyuma yangu!" Umau alijitupa mbele na panga lake. Alijua halitasaidia. Lakini mtu akikosa mwenyewe, mzee wa kundi husimama badala ya mwenyewe, na Umau hakuwa mtu wa kukwepa zamu. Panga liligonga bega kama linagonga tairi. Kukawa na sauti ya nguo kuraruka, kisha Umau akaguna.

"Nau!" Wavinya alipiga kelele. Ndivyo alivyomwita baba yake utotoni, kwa Kikamba. "Nau, acha! Ni mimi!"

Kitheka aliachia pale pale. Akalala chini mchangani, ubavuni, magoti ameyakunja, akatulia.

Kanyiva alimtazama Wavinya, halafu akatazama pembeni. Umau alikaa chini ameshika mkono uliong'atwa, damu ikimtoka katikati ya vidole.

"Kumbe ulimjua," alisema.

Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angempiga kofi.

Walimfukia Kitheka mbali na kisima, Wavinya akichimba peke yake, maana ndiyo kawaida. Umau aliumwa homa, akaanza kudhoofika. Watoto wake hawakupatikana kwa simu. Wavinya alikaa naye kila siku, akampa uji, akafua shuka, na watu walipopita nje walipunguza sauti. Ndinda hakukanyaga pale. Tangu siku ya mtoni hakuwa ameenda hata kanisani.

"Nikirudi," Umau aliuliza, "ni nani ataniita?"

"Mimi, Umau."

"Wewe si damu yangu."

"Nitakuita hata hivyo."

Umau alimshika mkono. "Utajaribu, mwana wakwa. Naona utajaribu."

Walimzika shambani kwake, kwao kabisa. Kwa hiyo wengine walisema hatarudi, huyu amezikwa mahali pake. Wengine walisema aliyeng'atwa hurudi tu, jeraha halijali kaburi liko wapi. Hakuna aliyejua kwa hakika, na mpaka leo hajatokea wa kutueleza.

Alirudi jua likizama. Alikuja moja kwa moja kwa akina Wavinya, akapita kwenye katani za mpaka, mkono uliong'atwa ukining'inia. Wavinya alitoka akasimama kwenye tuta.

"Wangu!" alisema kwa nguvu, majirani wote wasikie. "Huyu ni wangu! Umau! Umau Mutisya!"

Mzee alisimama.

Majirani walishusha pumzi. Wavinya alingoja alale chini.

Hakulala. Alisimama tu, uso kwake, akisikiliza. Wavinya akanyamaza ili avute pumzi... na mguu mmoja ukainuka. Akaita tena. Mguu ukarudi chini.

Ndivyo walivyokaa mpaka jogoo, na jioni ya pili, na zilizofuata. Kulipokucha alirudi udongoni. Giza lilipoingia alikuja. Watoto wake wangemlaza kwa neno moja, lakini barabara haijafunguliwa. Watu walijaribu kumsaidia Wavinya. Kanyiva aliita, pasta mwenyewe aliita, lakini Umau hakugeuza hata sikio. Alimsikiliza mmoja tu.

Jana Ndinda alimletea maziwa ya moto kwenye tuta, leso ameivuta mpaka machoni. Alisimama kando ya binti yake, mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza.

"Pumzika kidogo," alimnong'oneza. "Sauti imekwisha. Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza, niachie mimi nimwite."

Wavinya alitikisa kichwa. Alikunywa funda moja bila kuondoa macho kwa yule mzee, na katika funda lile moja mzee alikuwa tayari amevuka tuta la kwanza.

"Umau," aliita. Mama yake, aliyekuwa amesimama ubavuni pake, aliona midomo tu ikicheza, hakusikia kitu.