Jebet na Wavu wa Vitunguu

Kila alfajiri Jebet alisali, akajifunga leso kiunoni, akashuka Ziwa Naivasha kutega kamba, wale wekundu wenye makucha. Tangu afiwe na mumewe, kamba ndio waliolisha nyumba yake kule Ndabibi. Sasa yeye na akina mama wenzake walikuwa wamefutiwa leseni na ofisi ya uvuvi, bila kuelezwa kosa.

"Tega kwa kujificha, mathe," Waithaka, broka wa kamba, alimshauri. "Mimi nitanunua tu."

"Nijifiche, kwani nimeiba? Leseni ni yangu. Nitaidai mchana, Mungu na watu wakiona."

Akaenda kwa Nangila, afisa wa uvuvi. Alipewa kiti, akakataa kukaa.

"Nionyeshe kosa langu. Ama unirudishie leseni."

"Twende ziwani, mama. Tega vile umezoea."

Jebet aliuvika mtego wake wa waya wavu wa gunia la vitunguu, ili kamba wadogo wasitoroke. Akauzamisha katikati ya mafunjo. Kesho yake Nangila aliumimina kwenye beseni la maji. Kando ya kamba, vitu vidogo kama kucha vilikuwa vikirukaruka.

"Hawa ni perege wachanga," Nangila alisema. "Wanazaliwa humu kwenye mafunjo. Kwenye waya mtupu wangepita. Wavu ndio unawafunga."

Jebet aliinama, akatazama kwa muda.

"Mbona mlitunyang'anya leseni kabla ya kutufundisha?"

Nangila alikuna kichwa. "Hapo tulikosa, mama."

"Basi fundisha sisi wote. Hapa hapa ufuoni. Sitoki mpaka uanze."

Wakafundishwa. Mtego usivikwe wavu. Utegwe mbali na mafunjo. Kamba mdogo aachwe akue. Siku ya kupimwa kama wameelewa, Jebet alikata wavu wake kwa kisu mbele ya wote, akatega kwenye maji ya wazi. Mtego ulipotolewa, hakukuwa na perege hata mmoja. Leseni zikarudi.

Waithaka alikuja na furushi la nyavu mpya za vitunguu.

"Zawadi, mathe. Siku hizi unaniletea kamba wachache."

"Wachache lakini wakubwa. Huoni hoteli zinavyowaulizia?"

"Zinauliza," Waithaka alikiri. "Lakini chukua tu. Nani atakuona?"

Jebet aliinua mtego wake mtupu, akamwonyesha ziwa lote kupitia matundu ya waya.

"Mimi nitaona. Hizo nyavu rudisha sokoni, zikabebe vitunguu."