Alama za Chaki Jikoni kwa Joviana

Kwa kupika ndizi, Joviana wa kijiji cha Ijumbi hakuwa na mpinzani. Umeme ndio uliomtisha. Mwezi uliopita sufuria ilifurika, na jiko la umeme likatoa cheche. Swichi ilikuwa ukutani, nyuma ya jiko. Aliponyoosha mkono kuizima, mvuke ulimbabua mpaka kiwiko.

Sasa mumewe, Karugendo, alikuwa amejenga chumba kipya cha kupikia.

"Swichi zote ziwekwe juu ya jiko, mstari mmoja. Zitapendeza," alimwambia Shadya, fundi umeme kutoka Bukoba mjini.

"Mimi narudi kwenye kuni," alisema Joviana.

Shadya hakugusa nyundo. Alitoa chaki mfukoni.

"Mama, nipikie ndizi."

"Humu? Hata sufuria hakuna!"

"Pika hivyo hivyo."

Karugendo alicheka. Joviana aliona haya, lakini akaanza. Aliketi akamenya hewa. Akainuka, akaosha, akainjika, akafunika kwa majani ya mgomba yasiyokuwepo. Akageuka kuchemsha chai. Mpita njia angedhani amerukwa na akili. Shadya alimfuata akichora ukutani: hapa maji yanaruka, hapa mvuke unapanda, hapa mkono unafika.

"Penye maji au mvuke hatuweki swichi," alisema Shadya. "Swichi ya jiko itakaa kando, upande wa mlango. Utaizima bila kupitisha mkono juu ya sufuria. Jiko litakuwa na waya wake mnene, peke yake. Friji soketi yake. Birika soketi yake, mbali na bomba. Na zote ziwe juu, maana sakafu mnaiosha kila siku."

Joviana alizitazama kuta, asiamini. Miaka thelathini alikuwa amepika, na kazi yake haikuwahi kuonekana. Leo ilikuwa imejaa ukuta mzima.

"Waitu!" alimaka kwa Kihaya. "Yote haya nayafanya mimi?"

Karugendo alikuwa ameacha kucheka. "Fundi," alisema taratibu, "fuata chaki."

Jumapili ya kwanza baada ya Shadya kumaliza kazi, sufuria ilifurika tena. Jiko likatoa cheche. Joviana alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akazima. Mvuke ulipanda peke yake hadi darini. Aliutazama mkono wake, mzima bila kubabuka, machozi yakamlengalenga.

"Baba Edvina!" alimwita mumewe. "Njoo uone!"

Karugendo alikuja mbio. Akaangaza huku na huku.

"Nione nini? Mbona hakuna kilichotokea?"

"Ndicho nilichokuitia," alisema Joviana.