Droni ya Wahome

Sogeeni karibu, na huyo anayetafuna mahindi anyamaze kwanza. Haya yalimpata rafiki yangu Wamucii, mama mjane wa kule Riruta.

Mwanawe Wahome, mtu bure kabisa, alitaka kuuza ploti ya mamake, na kaburi la babake likiwa humo humo. Akaenda mjini kununua droni, awapigie wanunuzi picha kutoka juu. Huzefa mwenye duka akamwambia, "Bosi, wewe ndio unaanza. Chukua hii ndogo."

"Hiyo ni ya watoto," Wahome akasema, akabeba kubwa.

Jioni akairusha kutoka langoni bila hata kumsalimia mama. Ikavuma kama nyuki juu ya mabati. Giza lilipoingia, akabonyeza kitufe cha kuirudisha ilikotoka. Haikurudi langoni. Ilishuka polepole mpaka juu ya kaburi, ikatulia.

"Hata mashine imekukataa," Wamucii akasema.

"Mama, wewe unajua nini? Ni mitambo tu." Akachomoa betri, akaitia mfukoni, akaifungia droni stoo.

Walikuwa mezani mvumo ulipoanza kule stoo gizani. Wamucii akamtazama mwanawe. Wahome akapapasa mfuko. Betri ilikuwamo, baridi kama jiwe.

Hakuuza tena. Wamucii alipofariki, binti yake Shiku alirithi ploti pamoja na kaburi. Wahome aliachiwa droni yake, bila betri, akahamia mtaa mwingine nayo. Na kila jioni majirani zake wapya humbishia mlango, wakimwomba aizime.