Bibi Harusi wa Sakai

Karimu aliacha kutia sukari kwenye chai. Kinyozi huyu wa mtaa wa Joubert Park, mzaliwa wa Tanga, mtu wa vijiko visivyo na idadi, sasa alishika kikombe kwa mikono miwili na kunywa chungu vile vile, macho dirishani. Biubwa, mkewe, aliliona. Wivu alikuja nao kutoka Unguja, na mwenye wivu hapitwi na kitu.

Alipekua simu ya mumewe, hola. Alinusa kola za mashati, akakuta harufu ya udi, na chini ya udi, harufu ya kitu kilichoungua.

Kisha Karimu akaanza kusimulia mji. Ulikuwa Sakai, huko Japani, naye hajawahi hata kupanda ndege. Alisema hapo kale ulizungukwa na mitaro ya maji, matajiri wake wakijitawala bila bwana, na mafundi wake wakifua bunduki. Asubuhi nyingine, kwa sauti ya chini, alieleza jinsi vita vilivyouteketeza wote, ukajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka, vikafuliwa visu vya kukatia tumbaku, wajukuu wakaunda baiskeli, halafu ndege zikaja na kumwaga moto juu ya nyumba, na leo ufukwe wenyewe umefukiwa, pana viwanda, lakini yeye bado yupo, anangoja.

"Yeye nani?" Biubwa aliuliza.

"Anayenionyesha," Karimu alisema, akatabasamu tabasamu ambalo mkewe aliliona mara ya mwisho siku ya harusi yao. Roho ilimuuma Biubwa.

Mchana ule alikuta joho la hariri limelala kitandani, upande wake. Alikuwa amelinunua mwenyewe mtaani Fordsburg, kwenye mitumba ya Kijapani, na asubuhi alikuwa amelifungia kabatini. Sasa mikono ya joho ilikuwa imeukumbatia mto wa Karimu, na alipoligusa lilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuamka.

Alimwita Bibi Zubeda, mganga wa mtaa wa Observatory. Bibi alilinusa joho bila kuligusa.

"Ulilifukiza?" alinong'ona.

"Mtumba siuvai bila kuufukiza, Bibi."

"Kwa udi gani?"

Biubwa aliinamisha kichwa. Ulikuwa udi uliobaki wa harusi yake. Siku alipolinunua joho alilitandaza juu ya tenga, chetezo chini, kisha akalilaza kitandani lipoe. Karimu alikuwa amelala hapo hapo.

"Na kwao Japani hufukiza nguo hivyo hivyo," Bibi alisema. "Huyu ni jini mahaba. Kila mwanamume aliyempenda kule, moto ulimchukua. Wewe umemtia udi wa harusi na kumlaza kwa mumeo. Umemwoza mwenyewe, mwanangu."

Dawa ilikuwa moja: Karimu amwache jini huyo kwa ulimi wake. Bibi alimtaka Biubwa atoke nje, kwani talaka si neno la kutamkwa mbele ya mke. Biubwa alikataa. Siku zote hizo alikuwa amemeza hadithi za mwanamke mwingine, na sasa alitaka kumwona akifukuzwa.

"Nataka nisikie kwa masikio yangu," alisema, akaketi pembeni ya joho, Karimu upande wa pili.

Bibi alifukiza ubani, akasoma, akasoma tena, na moshi ukajaa chumba chote, na harufu ya kuungua ikapanda hadi macho yakawatoka machozi, na ng'ambo ya ukuta, palipokuwa na jirani na redio yake, pakasikika maji yakitembea kama ya mtaro mpana. Bibi akamwambia Karimu aseme.

Karimu alilitazama joho kwa muda mrefu, kwa huruma. Kisha akainua macho.

"Biubwa," alisema taratibu, "nimekuacha."

Ubani ulikuwa umezimika. Chumba kilinukia udi, udi wa harusi, na chetezo cha udi kilikuwa kabatini, kitupu, bila kaa. Mkono wa joho ulikuwa umelala juu ya goti la Karimu. Bibi Zubeda hakumtazama mtu. Alilitungua baibui la Biubwa mlangoni, akamwekea mapajani.