Mafuta ya Mama Khamisa

Tsss, tsss. Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika, lakini mafuta yalikuwa yameanza kulia ndani ya sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa. Natalie, msichana wa miaka kumi na miwili, aliketi karibu na mama yake, Wangui, akisikiliza.

"Bado yana maji," mama alisema. "Ngoja yanyamaze."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao kila Jumanne na Ijumaa, pale mtaani Kaptembwo. Mafuta hayo yalikuwa yamekwisha kukaangiwa bajia na Mama Khamisa, aliyeuza karibu na stendi ya bodaboda. Natalie aliyachukua jioni na kuyachuja kwa kitambaa. Alfajiri yalichemshwa mpaka maji yote yaishe, kisha akayapeleka kwa fundi Kimaiyo kabla ya kwenda shuleni.

Kimaiyo alikuwa ametengeneza gari ambalo mtaa mzima ulijivunia. Alinunua gari bovu la dizeli, akakata paa lake, akaweka paa la turubai lililokunjwa nyuma kama mwavuli. Chini ya viti alifunga betri na mota. Kwenye barabara tambarare gari lilienda kwa umeme, kimya kabisa. Likifika mlimani, injini iliamka kusaidia, ikinywa dizeli ambayo Kimaiyo aliipika mwenyewe kutokana na mafuta ya bajia.

"Boss, hiyo gari inakula karai ngapi kwa siku?" Jamleck wa bodaboda alipenda kumtania.

"Inakula kidogo kukushinda, na bado inafanya kazi," Kimaiyo alijibu, na stendi nzima ikacheka.

Gari lilikuwa limealikwa kwenye maonyesho ya kilimo. Chuo kimoja cha ufundi kilisema kikiridhika kitampa Kimaiyo karakana ya kufanyia kazi. Naye Natalie aliahidiwa kiti cha mbele, paa likiwa wazi.

Mama Khamisa alifurahi kana kwamba gari ni lake. Hakumruhusu Natalie kuondoka na mtungi tu. Kila mara alimfungia bajia mbili. "Hakuna mtoto atakayebeba mafuta yangu akiwa na njaa," alisema.

Ijumaa moja mama aliitwa kibaruani mapema sana. "Amka uchemshe mafuta," alisema akijifunga leso. "Usiondoke kando ya jiko."

Natalie alijifunika tena blanketi. Alipoamka, jua lilikuwa limechomoza. Alitoka nje na kuona mtungi chini ya ukingo wa paa. Hakuwa ameufunga jana yake, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Alichungulia ndani. Juu mafuta yaling'aa vizuri, kwa kuwa maji huzama chini. Alifunga kifuniko na kukimbia.

"Umechemsha?" Kimaiyo aliuliza.

"Nimechemsha. Yamenyamaza kabisa."

Kwa kawaida Kimaiyo alitia kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikaango cha moto ili ajisikilizie mwenyewe. Siku hiyo alirudisha kijiko mezani. "Nina haraka," alisema, "na wewe hujawahi kunidanganya."

Siku chache kabla ya maonyesho, walilijaribu gari kwenye mlima wa Milimani. Natalie alikaa mbele, upepo ukimpiga usoni. Gari lilipanda kidogo, injini ikaamka, ikakohoa mara mbili, ikazima. Betri ilijaribu kulivuta peke yake mpaka ikaisha chaji. Walilisukuma mpaka nyumbani.

Kimaiyo alifungua filta. Ndani mlijaa uji mweupe mzito kama sabuni. Pampu nayo ilikuwa imeharibika.

"Ni maji," alisema polepole. "Mafuta yenye maji ukiyapika na dawa ya kuyafanya dizeli yanageuka sabuni. Natalie, ulichemsha kweli?"

"Ndiyo. Nilichemsha."

"Basi Mama Khamisa aliyatia maji mengi ili mtungi ujae, hata jiko likashindwa kuyamaliza. Kama wale wa kutia maji kwenye maziwa."

Natalie alitazama viatu vyake.

Jioni ile Kimaiyo alimwendea Mama Khamisa mbele ya wateja. "Kama mafuta yalikuwa machache, si ungeniambia tu, badala ya kutia maji?"

"Mimi, Kimaiyo? Nitie maji kwenye mafuta? Miaka yote hii unanijua!"

Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kusikika. Kesho yake Jamleck alipita akiita, "Mathe, leo bajia zinaogelea?" Watu walicheka, kisha wakaenda kununua kwingine. Asiyeaminika kwa mafuta machafu, walisema, ataaminikaje kwa chakula?

Siku ya maonyesho ilipita gari likiwa juu ya mawe. Chuo kilimpa mtu mwingine karakana.

Natalie alianza kuzunguka njia ya nyuma ili asipite stendi. Siku moja Mama Khamisa alimwona na kumwita. Bajia zilikuwa zimejaa kwenye sinia, baridi, hazijaguswa.

"Hata wewe unanikimbia?" aliuliza. Kisha akamfungia mbili. "Chukua. Wewe huna kosa."

Natalie aliangua kilio. Alisema yote: blanketi, mvua, mtungi, na uongo aliousema mara mbili. Mama Khamisa alichukua kitambaa akafuta ukingo wa sinia ambao haukuwa na uchafu.

"Twende kwa Kimaiyo," alisema.

Kimaiyo alisikiliza, uso ukamwiva. Wangui, aliyeitwa, alimshika binti yake mkono na kumpeleka stendi, Kimaiyo na Mama Khamisa wakifuata. Natalie alirudia maneno yale mbele ya Jamleck na wenzake. Hakuna aliyecheka. Jamleck alivua kofia yake. "Mathe, nisamehe," alisema.

"Nami pia," Kimaiyo alisema. "Sikupima mafuta, na sikukuuliza kabla ya kukuhukumu."

Wateja wachache walirudi. Wengi hawakurudi. Mwisho wa mwezi Mama Khamisa alihamisha karai yake kwa dada yake, mtaa wa Bondeni. Kimaiyo alipata pampu nyingine, na Natalie alirudia kazi yake ya alfajiri kwa mafuta ya muuzaji mwingine. Gari lilipanda Milimani bila kukohoa, lakini hapakuwa na mgeni wa kulitazama.

Jumamosi moja Natalie na mama yake walimtembelea Mama Khamisa. Natalie alimwoshea vyombo bila kuambiwa, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umenisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile ile. Lakini sitakudanganya kwamba sikuumia." Alimketisha karibu naye. "Sikiliza, mwanangu. Kulala ulikosea, na kosa hilo lingeisha kwa kuchemsha mafuta upya. Uongo ndio uliokwenda mbali. Ulimkosesha Kimaiyo karakana, ukaniondoa mimi nilikozoea. Jina la mtu si shuka, ulichafue leo ulifue kesho. Ukikosa, sema mapema, hata kama utachapwa. Ukweli wa mapema huokoa mwenzako."

"Nimesikia, Mama Khamisa."

Walipoaga, aliwasindikiza mpaka barabarani. Alimtengeneza Natalie kola ya sweta.

"Watu wa kule Kaptembwo hawanifikii siku hizi," alisema. "Njoo tena Jumamosi. Usije kuomba msamaha. Njoo tu tukae."