Simu ya Mama Eustadia Inasoma Kila Kitu

"Hapa pameandikwa nini?" Nyamizi aliuliza, pua ikikaribia kugusa kioo cha kompyuta.

"Jina la kikundi chenu."

"Silioni."

"Hujazoea vitu vya kisasa," Erasmus akajibu huku akijipepea kwa kofia. "Kijivu juu ya nyeupe, ndiyo inayokwenda sasa hivi. Ulitaka herufi nyeusi za kupiga kelele kama bango la mkutano wa injili?"

"Ndiyo. Hizohizo ndizo tulizokuomba."

Erasmus akacheka kile kicheko chake cha puani. Alikitoa Dar es Salaam, alikokwenda kwa kozi fupi ya ubunifu wa tovuti akarudi na miwani ya jua, laptopu ya kuazima na tabia ya kuita kila kitu "konsepti". Hata chipsi mayai zikicheleweshwa, kwake zilikuwa na konsepti mbaya.

Nyamizi alimpenda hivyohivyo, na hapo hatuna la kumsaidia. Macho yake yalikuwa na uoni hafifu tangu utotoni: herufi kubwa na nyeusi aliziona, ndogo na zilizopauka zilimpita kama moshi. Alikuwa katibu wa Tusikilizane, kikundi cha wasioona na wenye uoni hafifu pale Gongoni, kinachouza asali ya Ipole na kuwatafutia watoto wasioona nafasi za shule. Kikundi kilipotaka nembo na tovuti ambayo wanachama wenyewe wangeweza kuitumia, Nyamizi alisimama mkutanoni akamtetea mchumba wake. Mpeni Erasmus, alisema, akiharibu mniulize mimi. Na Jumamosi ya wiki hiyo wazee wa Erasmus walikuwa waje kwao kuleta posa. Yaani jina lake na ndoa yake vyote vilikuwa ndani ya laptopu ya kuazima.

"Na maelezo ya picha?" akauliza.

"Yapi tena?"

"Eras, nilikueleza. Nyuma ya kila picha unaweka maneno. Mtu asiyeona akifika hapo, simu yake inamsomea kilichomo."

"Nimeweka."

"Umeandika nini?"

"Nimeweka, mpenzi. Nani atakwenda kuyachungulia? Kipofu na tovuti wapi na wapi?"

Nyamizi akacheka. Alicheka kwa sababu Erasmus ni Mgogo, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipopita Ugogo na mizigo ya pembe za ndovu kichwani na Wagogo wakawatoza hongo hata kwa maji ya kunywa. Mtani ana ruhusa. Siku ya kwanza tu kufika kikundini, Erasmus alimwambia Mzee Vedasto, mwanachama asiyeona, "Wewe mbeba pembe, hiyo fimbo ndiyo pekee uliyobakiza?" Mzee akamjibu, "Nimeiweka ya kukuchapia ukiniomba hongo." Chumba kizima kikacheka. Tangu siku hiyo kila dharau ya Erasmus ilipita bila kukaguliwa.

Alhamisi mchana wanachama wakakusanyika ofisini kuizindua tovuti. Bwana mbunifu alikuja na projekta. Ndiyo, projekta. Akafunga madirisha, joto likapanda, akawamulikia ukutani watu wasioona.

"Kama mnavyoona," akaanza.

"Tunaona sana," Mzee Vedasto akasema. "Endelea."

"Hii ndiyo nembo. Jicho, na chozi linadondoka. Konsepti yake ni huruma."

"Nani analia?" Mama Eustadia akauliza. Huyo ndiye mwenyekiti, mama wa makamo aliyepoteza macho kwa surua akiwa mdogo. "Sisi tunauza asali, mwanangu. Tulikuomba mzinga."

"Mzinga hauuzi, mama. Machozi yanauza."

Nyamizi akainamisha kichwa. Safari hii hakucheka.

"Haya," Mama Eustadia akasema, akitoa simu kwenye mkoba. "Hebu niipitie mwenyewe."

"Na simu, mama?" Erasmus akauliza.

"Ulidhani napitia na kijiko?"

Akagusa kioo kwa kidole. Simu ikaanza kusoma, sauti ya kike isiyo na haraka wala aibu.

"Tusikilizane. Picha. Bibi kipofu anacheka, hajui anacheka nini."

Kidole kikasimama, kisha kikasogea.

"Picha. Mzee wa fimbo, ondoa akifa."

"Mama, hebu subiri," Erasmus akasema. "Hayo ni maneno ya majaribio."

"Niache niyajaribu, basi."

"Picha. Nyamizi makengeza. Mchumba wa kupatia kazi hii, mpaka apatikane mzima."

Ukutani nembo iliendelea kulia peke yake. Erasmus akatabasamu, tabasamu ambalo nusu ya chumba haikuwa na habari nalo.

"Jamani, mimi si mtani wenu? Nilikuwa natania."

"Mtani ananitukana usoni, nimsikie, nimrudishie," Mama Eustadia akasema taratibu. "Wewe umeyaficha ukijua hatutayasikia. Usiutie utani wetu kwenye huo uchafu."

"Mama, naomba simu," Nyamizi akasema. Akaigusa ile picha tena. Simu ikarudia neno kwa neno, mpaka kwenye mzima.

"Nyami, tutoke nje tuongee."

"Ongea hapahapa. Mzima ni nani?"

"Ni maneno tu."

"Una jina lake au bado unamtafuta?"

Erasmus akaiangalia projekta yake kana kwamba ingemjibia.

"Niliwaambia hawa watu ukiharibu waniulize mimi," Nyamizi akasema. "Sasa wananiuliza. Nipe neno la siri la tovuti, kisha ufungashe. Na wazee wako wasipoteze nauli Jumamosi. Kwetu hakuna posa ya kupokea."

"Utajuta. Nani atakuoa na hayo macho?"

"Afadhali," Mzee Vedasto akasema. "Hilo angalau umelisema usoni."

Jumamosi, saa ambazo Nyamizi angekuwa amejifunika kanga mpya akisubiri wageni, alikuwa ofisini na wenzake akiijenga tovuti upya. Kijivu kilitupwa. Herufi zikawa nyeusi, nene, juu ya njano, na mzinga ukachukua nafasi ya chozi. Maelezo ya picha kila mtu alijisemea mwenyewe. Mama Eustadia aliagiza aandikwe kitenge cha bluu na meno yote mdomoni.

"Bluu una uhakika, mama?" Mzee Vedasto akauliza.

"Muuzaji aliapa. Kama ni uongo, dhambi ni yake."

Simu ya Nyamizi ikatoa mlio wa ujumbe. Naye siku hizi aliiacha imsomee, macho yapumzike. Kwa hiyo ikasoma, mbele ya wote, maneno pamoja na emoji zake.

"Erasmus. Nyami wangu nisamehe, silali, sili, shetani alinipitia. Uso unaolia kwa sauti. Uso unaolia kwa sauti. Uso unaolia kwa sauti. Moyo uliovunjika. Mikono iliyokunjwa."

"Amefiwa na nani?" Mzee Vedasto akauliza.

"Na kazi," Mama Eustadia akajibu.

Ukaingia mwingine.

"Erasmus. Huyo mzima alikuwa mtu wa kufikirika tu. Wewe unanitosha hivyohivyo ulivyo."

Moyo ulimuuma Nyamizi, tusidanganyane. Mtu humwondoi moyoni kwa siku mbili kama unavyoondoa rangi ya kijivu. Kisha akabonyeza kinasa sauti, akaiandikisha simu kwa mdomo, wote wakimsikia.

"Erasmus. Hivyohivyo nilivyo, nimekusoma mpaka mwisho. Usiniandikie tena."

"Ujumbe umetumwa," simu ikasema.

"Haya, katibu," Mama Eustadia akasema. "Picha inayofuata ni ya nani?"